Mashua mbili zilizovuka milima ya Mitumba: kutoka Fungurume hadi Kalemie, 1915

KALEMIE – Mwanzoni mwa mwezi wa nane 1915, treni iliyotoka Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, ilifika Fungurume ikasimama. Haikuweza kuendelea kwa sababu reli yenyewe ilikuwa imeishia hapo. Treni hiyo ilibeba mashua mbili za vita za Waingereza. Ziwa zilikokuwa zinapelekwa, Ziwa Tanganyika, lilikuwa bado mbali sana, ng'ambo ya milima ya Mitumba na ng'ambo ya mto Lualaba. Mashua zilipaswa kushushwa kutoka treni, zipandishwe juu ya matela, zivutwe kwa nchi kavu karibu kilomita 235.

Habari ya vita vya ziwani vya 1915 na 1916 inajulikana kidogo hapa Kalemie. Wazee waliisikia kwa wazee wao, na walimu wa historia huitaja. Lakini mara nyingi husimuliwa kuanzia siku mizinga ilipolia. Jinsi mashua zilivyofika hapa husemwa kwa sentensi moja tu, "zilibebwa," kana kwamba kubeba mashua nzima katika pori ni sawa na kubeba gunia la mihogo.

Kila moja ilikuwa na urefu wa futi 40, yaani mita 12 na zaidi kidogo, na upana wa futi 8, karibu mita mbili na nusu. Zilijengwa kwa mbao za mahogani katika kiwanda cha Thornycroft huko Uingereza, awali kwa ajili ya jeshi la anga la Ugiriki, zihudumie ndege zinazotua majini. Ndani yake kulikuwa na injini mbili za petroli, kila injini nguvu za farasi 100. Ukiweka mashua ya namna hiyo juu ya magurudumu, unabeba zaidi ya tani nne ambazo hazikutengenezwa kukaa juu ya magurudumu.

Majina yake yalikuwa Mimi na Toutou. Anayesema Kiswahili akisikia mashua inaitwa Mimi atadhani kuna mtu anamtania. Kumbe si Kiswahili. Ni maneno ya watoto wa Kifaransa, moja la paka na lingine la mbwa. Kamanda wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa ameomba ziitwe Paka na Mbwa kwa lugha ya Kiingereza. Wakubwa wake walikataa. Akaleta haya ya Kifaransa, yakapita bila mtu kushituka.

Sababu ya taabu yote hiyo ilikuwa ziwa. Vita vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa Kigoma, ng'ambo ya pili, na walikuwa na meli zenye mizinga. Tarehe 22 mwezi wa nane mwaka huo meli yao Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ikaiharibu. Tangu siku hiyo Wajerumani walitembea ziwani walivyotaka. Waliweza kupeleka askari popote kwenye ukingo wa ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670, na upande wa Kongo hapakuwa na chombo cha kuwazuia. Mwezi wa pili 1915 waliteremsha majini meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo masimulizi mengi huipita haraka. Götzen ilifika ziwani ikiwa vipande. Ilijengwa Ujerumani, ikafunguliwa, ikafungwa katika masanduku yanayotajwa kuwa 5,000, ikapelekwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, na huko ikaunganishwa upya. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kupeleka meli katika maziwa ya Afrika. Kipande cha chuma kilicho ndani ya sanduku hakijali kama gari limeinama au limenyooka. Kikianguka, kinaokotwa.

Wabelgiji nao walikuwa na vipande vya meli yao nyingine, Baron Dhanis, lakini haikuwa imeunganishwa. Kuunganisha meli kunataka karakana, mafundi na miezi ya utulivu, na Wajerumani wangeweza kutokea wakati wowote wakaipiga mizinga ikiwa bado nchi kavu. Mwindaji mmoja aitwaye John Lee, aliyeijua Afrika ya kati, ndiye aliyepeleka kwa wakuu wa jeshi la majini la Uingereza wazo la kufanya kinyume: zije mashua ndogo, zije nzima, zibebwe kwa reli na barabara kutoka Cape Town, ziteremshwe majini zikiwa tayari kupigana. Alichagua njia, akatangulia kuipasua. Kabla mashua hazijafika ziwani, Spicer-Simson alikuwa amemwondoa katika msafara. Mambo hayo hutokea hata leo, mwenye wazo haonekani siku ya sherehe.

Mashua nzima, basi, ndiyo iliyoleta tatizo la kuipanga sawasawa juu ya tela, au remorke kama madereva wetu wanavyoiita. Waliokwisha kupakia boti kwenye lori pale bandarini wanalijua tatizo hilo. Wengine wanaweza kulielewa hivi.

Mashua ikiwa majini inashikwa na maji kila upande. Hakuna mahali pamoja panapobeba uzito wote. Ukiitoa majini na kuiweka juu ya tela, inabaki kubebwa mahali pachache tu: chini ya mkuku, ule mti mnene unaopita katikati ya tumbo lake kutoka mbele hadi nyuma, na kwenye vitegemeo viwili vitatu vya pembeni. Kama mkuku umekaa katikati kabisa, uzito unashuka kwenye magurudumu ya kushoto na kulia kwa kiasi kilekile. Ukienda pembeni hata upana wa kiganja, upande mmoja wa tumbo unalala juu ya kitegemeo na kubeba mzigo ambao ulikuwa wa mkuku. Mbao za tumbo ni nyembamba. Barabara ikitikisa siku moja huenda zisionyeshe kitu, lakini ikitikisa wiki nzima misumari inalegea, viungo vinafunguka, na mashua itakayoshushwa majini itakunywa maji kama kikapu.

Tena kuna mbele na nyuma. Uzito ukizidi nyuma ya magurudumu, tela linainua shingo yake na kuanza kuyumba kushoto na kulia, na linavuta kinachotangulia pamoja nalo. Uzito ukizidi mbele, shingo inagandamizwa na kuvunjika kwenye shimo la kwanza. Wanaoijua kazi hutafuta mahali ambapo mbele ni pazito kidogo tu kuliko nyuma. Hufunga uzi kutoka ncha ya mbele ya mashua hadi katikati ya nyuma, halafu mtu mmoja husimama nyuma kabisa, afumbe jicho moja na kutazama kama uzi, mkuku na shingo ya tela vimekuwa mstari mmoja. Huyo hashiki kitu. Kazi yake ni kusema "kushoto," "kulia," "basi." Wengine wote humtii, hata kama ndiye kijana kuliko wote. Kabari za mbao zikishapigwa na kamba kukazwa, hutembea kidogo, husimama, hutazama tena.

Kwa boti inayotolewa moja kwa moja majini jambo ni gumu zaidi, maana upepo na mawimbi husukuma nyuma yake upande upande wakati mbele imekwisha kugusa tela. Ndiyo maana pwani huonekana watu wawili wameshika kamba za nyuma, mmoja kila upande, mpaka mashua ilale.

Mimi na Toutou zililetwa kutoka Uingereza na vitanda vyake vya mbao vilivyochongwa kufuata umbo la tumbo, pamoja na matela. Mwezi wa sita 1915 ziliondoka Uingereza katika meli Llanstephan Castle, zikafika Cape Town tarehe 2 mwezi wa saba. Kutoka huko zilikaa juu ya treni kwa zaidi ya kilomita 3,000. Reli ni njia laini, na kitanda kikifungwa vizuri juu ya behewa hakina sababu ya kuhama. Mtihani ulianzia Fungurume.

Anayeijua leo Fungurume anajua malori makubwa ya madini na vumbi lake. Mwaka 1915 kutoka hapo kuelekea kaskazini hapakuwa na barabara ya kupitisha kitu kipana namna ile. Miti ilikatwa, visiki vikang'olewa, mawe yakasogezwa, na madaraja yakajengwa kwa magogo juu ya vijito na mabonde, madaraja yanayohesabiwa kuwa zaidi ya 100. Nani alifanya? Watu wa Katanga. Watawala wa Kibelgiji walikusanya wafanyakazi kutoka vijijini kwa mamia, na msafara wenyewe wa Waingereza ulikuwa na watu wasiozidi thelathini hivi. Hesabu hiyo inatosha kuonyesha mikono ya akina nani ilishika kamba.

Katikati ya mwezi wa nane safari ikaanza. Vilivyovuta matela vilikuwa matrekta mawili ya mvuke, mashine nzito za chuma zinazokula kuni na maji, pamoja na maksai kwa makumi. Trekta liliweza kuvuta vizuri kwenye tambarare, lakini uzito wake ulikuwa adui wa madaraja. Magogo yaliyobeba mashua bila shida yalibonyea chini ya trekta. Hapo kila kitu kilisimama, trekta likanyanyuliwa, daraja likajengwa tena.

Kwenye miteremko ya Mitumba, ambako njia ilipanda zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, matrekta na maksai walishirikiana. Kamba nene ilipitishwa kwenye kapi, mashua ikavutwa hatua kwa hatua, na kila iliposimama watu walikimbilia kuweka magogo nyuma ya magurudumu. Kupanda kulikuwa kugumu, lakini kushuka kulitisha zaidi. Mlimani uzito wote hukimbilia nyuma, ukianza kushuka hukimbilia mbele, na mashua hutaka kuteleza juu ya kitanda chake. Mstari uliopangwa asubuhi hauwezi kuaminiwa jioni. Tena ilikuwa kiangazi, jua linakausha mbao za mashua zilizozoea unyevu, na mbao zikikauka hujikunja na kuacha nafasi.

Kiangazi hicho kilileta shida nyingine, maji. Trekta la mvuke bila maji ni jiwe. Frank Magee, mmoja wa msafara, aliandika habari ya safari hii katika jarida la Marekani National Geographic mwaka 1922, na picha anayoiacha kwa msomaji ni ya watu wanaohesabu maji. Wanawake wa vijiji vya njiani waliajiriwa kuchota na kuleta maji vichwani kutoka mbali ili mashine zipate kutembea. Mama aliyebeba mtungi kwenye njia ile alibeba, kwa namna yake, sehemu ya mashua ya vita. Majina yao hayapo katika kitabu chochote. Ya maksai hayapo vilevile, lakini idadi ya maksai iliandikwa.

Tarehe 28 mwezi wa tisa, baada ya wiki sita, mashua zote mbili zilifika Sankisia zikiwa nzima. Huko palikuwa na kipande kifupi cha reli, chini ya kilomita 30, kinachokwenda Bukama kwenye mto Lualaba. Kwa hiyo zilishushwa kutoka matela, zikapandishwa treni, zikashushwa tena kutoka treni, zikaingia majini. Ndugu zetu waliotoka Bukama wataelewa kilichofuata. Mwisho wa kiangazi Lualaba ni mto wa michanga. Mapipa matupu yalifungwa kwenye mashua ili ziinuke na kuelea juu zaidi, hata hivyo ziligonga mchanga mara nyingi, watu wakashuka majini kuzisukuma. Baadaye zilisaidiwa na meli ya mtoni, nayo ikakwama. Zilifika Kabalo karibu na mwisho wa mwezi wa kumi, na huko zikatolewa majini na kupandishwa tena juu ya mabehewa ya ile reli ya Kabalo hadi ziwani, iliyokuwa imekamilika mwaka huohuo wa 1915. Mashua ileile, kitanda kilekile, na kila mara mtu asimame nyuma atazame mstari.

Hapa Kalemie, wakati ule ikiitwa Lukuga na kisha Albertville, mashua hazikuonyeshwa ziwani mara moja. Zilifichwa wakati bandari ndogo ikijengwa kwa mawe ya kuzuia mawimbi, na wajenzi walikuwa tena watu wa hapa. Zilishushwa majini siku chache kabla ya Noeli. Wenyeji walipata muda wa kumtazama Spicer-Simson, mzungu aliyependa kuvaa sketi na mwenye michoro mwili mzima, wakampa jina la utani Bwana Chifungatumbo.

Vita vyenyewe vilikuwa vifupi. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1915 meli ya Wajerumani Kingani ilikaribia, ikiwa na mzinga unaopiga mbele tu. Mimi na Toutou ziliijia kutoka pande ambazo mzinga huo haukufika. Baada ya dakika chache nahodha wake alikuwa amekufa na meli imetekwa, ikapewa jina Fifi. Tarehe 9 mwezi wa pili 1916 Fifi na Mimi zilishiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen ilipotokea baadaye kuwatafuta wenzake, Spicer-Simson hakutoka kupigana nayo, na watu wameandika mengi kuhusu siku hiyo. Mwezi wa saba 1916, majeshi ya Wabelgiji yakiikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, baada ya kuzipaka injini zake grisi nyingi ili zisiliwe na kutu.

Njia ya Fungurume hadi Sankisia haikuhitajika tena kwa kazi hiyo. Mwaka 1918 reli kutoka kusini ilifika Bukama, na mzigo uliowachukua watu wale wiki sita ungepita kwa treni. Madaraja ya magogo yalioza. Kisa chenyewe kikawa chanzo cha riwaya ya mwandishi Mwingereza C. S. Forester mwaka 1935, kisha filamu mwaka 1951, na ndani yake wazungu wawili wanafanya karibu kila kitu peke yao.

Götzen haikubaki chini ya maji. Waingereza waliinyanyua mwaka 1924, wakakuta injini zimehifadhika, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba. Familia nyingi za huku zinalijua jina hilo vizuri kuliko Mimi na Toutou. Mwaka 1997 shirika la HCR liliitumia kwa miezi mitano kuwarudisha nyumbani zaidi ya watu 75,000 waliokuwa wamekimbilia Tanzania wakati wa vita vya Zaire. Baba zetu na mama zetu walishuka kutoka meli ambayo mashua zile zililetwa ili kuizuia.

Mwezi wa tano 2015, miaka mia moja baada ya Fungurume, Liemba ilikwenda kuwachukua Warundi waliokimbilia kijiji cha Kagunga, kaskazini ya Kigoma, ili kuwapeleka Kigoma. Kagunga hapana gati la meli kubwa. Liemba ilisimama mbali na pwani, na wavuvi waliwapeleka watu hadi kwenye meli kwa boti zao za mbao, watoto kwanza, halafu magodoro, halafu masufuria.